Sababu ya Safari

Miezi miwili nilikandwa titi la kushoto kwa kitambaa cha moto. Akina mama wa Baraka walikuwa wamekwisha amua: ni maziwa, yamewahi kuja kabla ya mtoto. Oktoba 1956 daktari wa serikali alipopita zahanati, aligusa donge lililokuwa ndani ya titi mara moja tu, akakunja uso. Kansa. Nikakatwe titi Usumbura, ng'ambo ya ziwa, wiki hiyohiyo, nisingoje kuzaa. Mimba yangu ya miezi mitano ingeweza kubaki. Akatuandikia barua. Meli ilikuwa inaondoka Alhamisi.

Jumanne mimi na mume wangu Uledi tulipanda lori kwenda ofisini Fizi kuomba pasi, maana bila karatasi hiyo huwezi kusafiri, na mwanamke huombewa na mume wake. Kabla hatujaondoka, mama mkwe alimvuta mwanawe kando. "Mambo ya kifua ya muke yako, usiseme mbele ya banaume," alimwambia. Nilisikia, nikadhani ni adabu tu. Laiti ningejua!

"Sababu ya safari?" akauliza Placide, karani wa pasi.

Uledi akatazama dari. "Kuzaa."

"Mimba iko na miezi ngapi?"

"Tano."

"Basi murudie mwezi wa kwanza. Siwezi kuandikia mutu pasi ya kuzaa na angali na miezi ine."

"Ndiyo, bwana karani," mume wangu akasema, akainuka. Aliinuka! Barua ya daktari iko mfukoni mwake, na yeye anatafuta kofia. Nilichemka mpaka masikio yakaniuma.

Nikatia mkono mfukoni mwake, nikaitoa barua, nikaipiga mezani.

"Iko titi!" nilisema, wanaume wa mstari wote wakasikia. "Titi yangu ya kushoto. Iko na kansa. Andika!"

Placide akasoma, akainamisha kichwa, akaandika, akagonga muhuri.

Tukiwa njiani kurudi Baraka, Uledi akanung'unika: "Umeniletea aibu, Saumu. Mbele ya banaume bote bale!"

"Na dokta ya kunikata, unazani iko mwanamuke?"

Alhamisi ikafika. Pale melini jirani yetu Saleh akamuuliza kama ananipeleka kuzaa. Nilimkazia macho Uledi.

"Hapana," akasema. "Banaenda kumukata titi. Nataka abakie muzima."

Siku mbili zilimchukua kulisema. Bado nilikuwa na hasira, nikampa na furushi langu abebe.