Kupe Kwenye Mwili wa Twaiba

Bi Hafsa, mwosha maiti wetu, aliniita mimi kwa sababu binti wa marehemu alikuwa mtoto, tena mgonjwa, na dada zake marehemu walikuwa hawajafika kutoka Lungalunga.

"Njoo ushike kata," aliniambia. "Wewe ndiye uliyekuwa ukilala naye nyumba moja."

Marehemu alikuwa Twaiba, mke wa mjomba wangu Chirau. Nilikuwa nikiishi nao Bongwe tangu nilipoacha shule darasa la sita. Sikuwahi kuosha maiti. Nilitaka kusema siwezi, lakini kusema huwa kunanishinda.

"Huyo ulimi wake kauweka rehani," alisema Mbodze, jirani yetu, aliyekuwa akikata sanda. "Mpe kata, Bi Hafsa. Hatakuchosha kwa maneno." Wanawake wakacheka kidogo, hata siku ile.

Twaiba alikuwa ameumwa homa siku chache tu. Alipewa dawa ya malaria, akaimaliza, homa haikushuka. Kichwa kikawa kinampasuka, akaanza kuweweseka, na Ijumaa alfajiri akakata roho. Tulisema malaria imempanda kichwani. Wengine walisema shetani.

Kitanda cha kuoshea kiliwekwa uani, pazia pande zote, na chini yake umechimbwa mfuo wa kupokea maji. Bi Hafsa alivaa glavu, akawa anaosha kwa kupitisha mkono chini ya kitambaa, bila kuangalia, kama inavyotakiwa. Mimi nilimimina. Alipofika paja la kushoto mkono wake ukasimama.

"Mimina," alisema.

Nikamimina. Kitambaa kikateleza, nikaona.

Juu kabisa ya paja, mahali ambapo mwanamke hamwonyeshi mtu, palikuwa na kidonda cheusi, kama vile mtu amezima sigara pale. Karibu yake palikuwa na kitu kinachong'aa, kinene kama punje ya mbarika. Nilidhani ni chunjua. Bi Hafsa akakishika kwa vidole viwili, akavuta. Kikatoka. Kilikuwa na miguu, na miguu ilikuwa ikichezacheza.

Twaiba alikuwa ameshapoa, na kile kilikuwa hai, kimemshikilia.

"Astaghfirullah," alinong'ona Bi Hafsa. Alikisaga kwa kisigino, akakisukumia mfuoni, akarudisha kitambaa. Kisha akanitazama. "Mejumaa, tunayoyaona hapa ni amana. Ukitoka nje, umeona nuru usoni mwake, basi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi."

Nikaendelea kumimina. Kupe tunawajua. Wapo kwenye mbuzi, wapo kwenye mbwa. Ila huyu alikuwa wa aina nyingine. Wakati wa ukame, ng'ombe kutoka bara waliteremshwa kutafuta majani, wakalazwa kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba yetu. Waliondoka mvua iliponyesha. Kupe wao walibaki. Kupe wa kwetu hukaa kwenye jani akangoja umguse. Hawa walikuwa na miguu yenye pete nyeupe, na ukisimama walikufuata, wakikimbia juu ya mchanga. Twaiba na binti yake Mwanarusi walikwenda pale kuzoa samadi ya mchicha, wakarudi wanarukaruka na kucheka, wanajikung'uta nguo. Nasi tulicheka. Kupe tulijua anaua ng'ombe. Hatukujua kama anaua mtu.

Na Mwanarusi alikuwa ndani, ana homa tangu jana.

Tulipomaliza kuvisha sanda, nilikwenda moja kwa moja chumbani. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa Mbodze, macho mekundu. Nikaanza kumvua gauni.

"We! Mtoto anatetemeka kwa baridi, unamvua nini?" Mbodze alinipiga kofi mkononi.

"Nataka kumwangalia."

"Umwangalie nini? Amefiwa, ana homa ya majonzi. Mwache!"

Nikavuta tena. Wanawake wawili wakanishika mabega. Mmoja alisema maiti amenitia wazimu, nipelekwe nikaoge. Nilimwona Mwanarusi midomo imemkauka, akasema "kichwa", neno lile lile la mama yake. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa.

"Mama yake alikuwa na kupe! Mwilini! Na kidonda cheusi! Nimekiona!"

Mbodze alinitazama kana kwamba nimeivua ile sanda mbele ya watu.

"Umetoa siri ya maiti," alisema polepole. "Hata hajazikwa."

Bi Hafsa alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta mikono. Wote wakamgeukia.

"Bi Hafsa, ni kweli?"

Akaendelea kujifuta mikono. Ndiye aliyeosha wanawake wa Bongwe wote, na hakuna aliyewahi kusikia neno kutoka kwake. Nilijua akisema hapana, nitatolewa nje ya ile nyumba.

"Mimi sijasema kitu," alisema, "na sitasema. Mvueni mtoto."

Wakamvua. Kwapani palikuwa na kidonda cheusi, kidogo kuliko cha mama yake. Na kwenye nywele, nyuma ya sikio, Mbodze akagusa kitu, kikaachia, kikaanguka kwenye mkeka, kikakimbia kumfuata yeye. Mbodze alipiga ukelele na kuruka juu ya kitanda.

Nje wanaume walikuwa wameshaanza kuinua jeneza. Nilitoka bila hata kujifunga mtandio vizuri, nikapita katikati yao, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Mjomba Chirau alikuwa ameweka bega chini ya jeneza. Nikamwambia sikioni. Alinitazama, akatazama jeneza. Kisha akamshika nduguye mkono, akamweka mahali pake.

"Mzikeni," alisema. "Mimi naondoka na mtoto."

Munyoki, muuza viazi, ndiye aliyetupeleka hospitali ya Msambweni kwa gari lake. Daktari alikuwa kijana, akauliza nimeona nini mwilini mwa marehemu na wapi, na nikamwambia wapi, Mjomba akiwa amesimama hapo hapo. Hakuandika dawa ya malaria. Alileta vidonge vya homa ya kupe.

Siku ya pili asubuhi homa ilishuka. Mwanarusi akaomba uji. Mjomba alikuwa ameshika pakiti ya vile vidonge, anaigeuzageuza.

"Daktari, ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, mzee. Vikiwahi."

"Hivi vinauzwa hata dukani kwetu."

Mwanarusi alimeza kijiko cha uji, akamtazama baba yake.

"Mama naye alikuwa na mdudu," alisema. "Nilimwona akimvuta, mdudu hakutoka. Akaniambia nisiseme kwa mtu, aibu."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Sikujua nikirudishe bakulini au nimpe tena. Mjomba aliendelea kuitazama pakiti, muda mrefu, kama mtu anayesoma, na hakuwa akisoma.

"Kula, mwanangu," alimwambia. "Kula uji upone."