Lundo la Eliamini

Mjinga wa siku ile alikuwa Eliamini, na mwenyewe hakatai. Anachokataa ni kwamba alikuwa mjinga peke yake.

Mwaka wa tisini na nne hoteli ya ushirika pale Same, mji wa tambarare kame, iliuzwa kwa tajiri mmoja, aliyetaka watalii waendao mbuga ya Mkomazi walale kwake. Kilichomsumbua ni shimo la taka nyuma ya jiko: limefurika, linanuka mpaka mezani. Bwana afya akampa mwezi mmoja. Akirudi akalikuta vile vile, jiko analifunga.

Eliamini, mtunza bustani, akaona pa kujitapia. "Mzee, kwetu Shighatini, kule milimani, makombo si taka. Unayatupa kwenye mgomba, unayafunika majani, mwezi haujaisha ni udongo mweusi tii. Nikishindwa, nifukuze."

Tajiri akachekelea. Mbolea ya bure, mboga za wageni, na harufu kwaheri!

Eliamini akalundika maganda, ukoko na wali uliobaki, akafunika majani, akakaa kungoja. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, lundo limekauka juu kama mkate wa juzi, chini limechacha, na nzi wamehamia na jamaa zao. Akaenda jikoni kuomba ndoo mbili za maji kila siku, alilainishe.

Yasmini, mpishi mkuu, mtu wa kijiji cha Kisiwani, huko huko tambarare, alicheka mpaka akashika meza. "Maji? Wageni wanaoga kwa kopo, wewe unataka kuogesha maganda ya ndizi?"

Ndoo hazikutoka. Mvua nayo haikuonekana hata kwa mbali.

Bwana afya alipokuja hakuhitaji kuonyeshwa njia, pua ilimpeleka. Hakugomba. Alitoa kufuli. Kufika adhuhuri wafanyakazi tisa walikuwa wamekaa nje, wamepakata nguo zao za kazi, na tajiri amekwisha kusema hoteli isiyo na jiko haina haja ya mpishi wala bustani.

"Usinitazame hivyo, dada Yasmini," Eliamini alisema. "Kosa ni la mji huu. Kwetu nimefanya kazi hii miaka ishirini, haijanishinda hata siku moja!"

Yasmini alikunja aproni yake, akaitia kwapani.

"Kwenu kazi ilikuwa inafanywa na mvua, baba. Wewe ulikuwa umesimama tu."