Ukungu wa Upande wa Kabati

Tuseme ukweli, Macho Manne hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa moja tu: alikuwa fundi miwani hata pale asipohitajika. Ukimsalimia njiani, yeye anakutazama mboni. Ukifinya macho kwa sababu ya jua, kesho yake anakuita dukani upimwe. Hilo jina la Macho Manne alibandikwa na wenzake shuleni kwa sababu ya miwani yake, akaja kulipenda mwenyewe, maana aliliona ni tangazo la bure.

Mama yake alipobaki mjane, palitokea mvutano kidogo kati ya Macho Manne na dada yake mkubwa, mtunza ghala la nafaka. Kila mmoja alimtaka mama kwake. Dada ana mdomo usio na breki, lakini siku hiyo Macho Manne alimzidi kwa maneno matamu. "Mama, umehangaika na sisi vya kutosha," alisema. "Njoo ukae kwangu, na hutahama tena mpaka Mungu atakapopenda." Mama akacheka, akasema haya, amekubali. Dada akanuna, akaondoka hata chai hajamaliza. Kuchaguliwa na mama yake! Macho Manne hakuwahi kupata heshima kubwa kama ile, na alijiapiza kwamba hataiharibu.

Wakampa chumba cha nyuma, kimya, mbali na cherehani. Mke wa Macho Manne, mshonaji wa sare za shule, alikuwa na kabati kubwa la mbao humo, wakalisukuma mpaka likagandana na ukuta wa nje ili mama apate nafasi ya kupita. Wakatandika zulia, wakatundika pazia zito. Mama alipoingia aliguna, "Jamani, mbona mnanidekeza hivi?"

Mvua zikaanza, na mvua za msimu ule hazikuwa na adabu. Mama akaanza kukohoa. Sasa hapa ndipo watu wenye mapenzi hufanya mambo ya ajabu. Macho Manne akafunga dirisha baridi isimpige mama. Akaona haitoshi, akaziba na vitundu vya hewa juu ya dirisha kwa vipande vya vitambaa vya sare. Kila jioni mkewe akimwandalia mama sufuria la maji ya moto, mama anajifunika shuka, anajifukiza, na mvuke unajaa chumba kizima mpaka kuta zinatoa jasho. Na kwa kuwa nguo hazikuwa na pa kukaukia, wakafunga kamba humo humo ndani, mashuka mabichi yakawa yananing'inia juu ya kitanda cha mama. Kikohozi kikazidi. Wao nao wakazidisha maji ya moto.

Jioni moja mezani mama akasema, kwa ile sauti yake ya kutotaka kusumbua watu, "Mwanangu, siku hizi nikiamka naona ukungu."

Mtu mwingine yeyote angeuliza, ukungu wapi? Mkate ukikaa sana unaota ukungu. Kiatu kikisahaulika uvunguni kinaota ukungu. Nani asiyejua? Lakini huyu wetu neno hilo alilisikia dukani kutwa kucha, fundi naona ukungu, fundi ukungu umezidi, na siku zote lilikuwa ukungu wa machoni. Masikio yake yalishatoa jibu kabla mama hajafunga mdomo.

"Tangu lini?" aliuliza, akisogeza sahani pembeni.

"Tangu mvua zilipoanza."

"Unazidi?"

"Unazidi, baba. Ulianza kidogo tu, sasa unasambaa."

"Mweupe?"

"Ulikuwa mweupe. Sasa una ukijani hivi, na weusi weusi."

Macho Manne akatikisa kichwa kitaalamu. Aliwahi kupata wateja walioona rangi zikizunguka taa, kwa hiyo kijani hakikumshtua. "Upo upande gani hasa?"

"Upande wa kabati."

Akafumba macho akakumbuka kitanda kilivyokaa. Mama akilala, kabati liko kushoto kwake. "Jicho la kushoto," akamwambia mkewe, kama mtu aliyekamata mwizi. Kisha akamgeukia mama. "Ondoa shaka, mama. Hiyo niachie mimi."

Mama akashukuru. Alishukuru kwa dhati, masikini, akijua mwanawe ameelewa.

Kesho yake akaitwa dukani. Akashangaa kidogo, lakini akakaa kwenye kiti kirefu, akasoma herufi alizoonyeshwa, akazibwa jicho hili, akazibwa lile. Macho yake yalikuwa ya mtu wa umri wake, si mabaya sana. Macho Manne akamkatia vioo kwa mkono wake mwenyewe, akamchagulia fremu nzuri kuliko zote dukani. Asubuhi akamngojea sebuleni kama mtoto anayengojea kusifiwa.

"Je, mama?"

"Mungu akubariki, mwanangu, naona mpaka raha. Hata ule ukungu, sasa nauona wote!"

Lo! Mtu mzima huyo, na akili zake timamu, akasikia maneno hayo na bado hakushtuka. Alikunja uso, akasema vioo havina nguvu ya kutosha, akarudi dukani kukata vingine. Mama alipovaa miwani ya pili alisema ni mizuri, akanyamaza. Ukungu hakuutaja tena. Macho Manne akawatambia wateja kwamba amemtibu mama yake bila hata kumpeleka hospitali.

Dada alikuja siku mvua ilipopumzika. Alimkuta mama amekaa kitandani, mabega yakipanda na kushuka kwa shida, miwani mipya puani. Hakuketi. Alisimama mlangoni pa chumba ameinua pua juu, uso umebadilika.

"Hapa pananuka ghala lililoingia maji," akasema, akamgeukia Macho Manne. "Wewe, njoo ushike upande huu wa kabati."

"Dada, hilo kabati ni zito, ngoja kwanza upate..."

"Shika!"

Wakavuta. Kabati likabanduka na mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Ukuta wote wa nyuma, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa mabega, ulikuwa mweusi na kijani, penginepo umeota manyoya kabisa. Mgongo wa kabati ulikuwa hivyo hivyo. Pembeni kabisa, upande aliokuwa analaza kichwa mama, ukungu ulishatambaa ukavuka kabati ukabaki wazi, mkubwa kama sinia. Mtu yeyote aliyekaa kitandani angeuona. Ila mwanawe na mkwewe hawakuwahi kukaa kitandani pale, na mashuka ya kambani yaliwaziba; asubuhi walikuwa wanasimama mlangoni wanauliza mama umeamkaje, kisha wanawahi kazini.

"Mama, ulikuwa unajua?" dada aliuliza.

"Nilisema," mama akajibu polepole. "Nilisema naona ukungu. Ndugu yako akanipa miwani."

Dada akamtazama mdogo wake, akamtazama mama, akatokwa na kicheko kifupi ambacho hata yeye hakukitaka.

"Miwani?"

"Mara mbili," mama akasema, akimtetea mwanawe. "Na mizuri kweli."

Hapo dada akalia. Na dada akilia, ulimi unakuwa mkali maradufu. "Sikiliza," alimwambia Macho Manne. "Mimi mahindi ya watu siyaegemezi ukutani. Nayapanga juu ya mbao, naacha nafasi hewa ipite nyuma, nafungua madirisha hata kama mimi mwenyewe nasikia baridi. Unyevu usipopata pa kutokea unazaa ukungu, basi. Na wewe mama yetu umemfungia humu, umeziba hewa, umemjazia mvuke, umemtundikia nguo mbichi kichwani! Mahindi ya watu yanalala pazuri kuliko mama yako."

"Nilidhani ni macho," akasema Macho Manne.

"Mtu anakohoa, wewe unatibu macho!"

Mke wa Macho Manne alikuwa amejibanza mlangoni, mkono mdomoni. Hakuna aliyemlaumu, lakini alikuwa anayatazama yale mashuka kwenye kamba, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Mama alihama siku ile ile, akaenda kukaa kwa dada. Hospitalini daktari alisikiliza kifua, akauliza chumba anacholala kikoje, akaelezwa. Alisema vumbi la ukungu limeyachokoza mapafu yenyewe, na kwa umri wa mama huenda kifua kisirudi kama zamani. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaonya asirudishwe kwenye chumba kama kile. Macho Manne alisikia yote amesimama kando, akitamani daktari amgombeze. Daktari wala hakumwangalia.

Macho Manne akaanza kujiuma vidole. Dukani mteja akisema naona ukungu, yeye kalamu inamdondoka. Wala hakuhitaji kuuliza swali kubwa. Neno moja tu lingetosha, "wapi", na yeye ndiye mtu aliyeuliza maswali yote isipokuwa hilo. Kilichomuuma zaidi ni yale maneno ya Mungu akubariki. Alibarikiwa na mama yake kwa kumwacha alale na ukungu kichwani.

Basi akakivamia chumba kile kama adui. Aligundua mfereji wa paani umepasuka, maji yanateremkia ukuta ule ule wa nje, akautengeneza kabla ya lolote. Akajifunga kitambaa puani, akaulowesha ukuta kwanza vumbi lisipeperuke, akakwangua plasta yote iliyooza mpaka kwenye matofali. Jamaa wakamshauri apige rangi tu yaishe, akakataa. Aliacha ukuta wazi, dirisha wazi, mpaka ulipokauka wenyewe hadi ndani, ndipo akapiga plasta mpya na chokaa. Zulia akalitupa. Vitundu vya hewa akavizibua. Kabati alilichoma, mkewe mwenyewe akisaidia kulitoa nje, na nguo zikahamia kwenye kibanda cha bati walichojenga uani. Sufuria lenyewe likaanza kupikiwa likiwa limefunikwa. Jirani akamtania kwamba siku hizi kwake hata chai hairuhusiwi kutoa mvuke.

Kila alipokwenda kwa dada, alimwomba mama arudi. Mama anasema, "Tutaona, mwanangu." Siku moja alimuuliza mbona alinyamaza baada ya ile miwani ya pili. Mama akamshika mkono. "Nilisema, nikasema tena. Nikaona nikiongeza, mkeo atadhani nakilalamikia chumba chake. Na wewe ulikuwa umefurahi sana na ile miwani."

Hatimaye akakubali kuja kukiona chumba. Ilikuwa Jumapili, jua limetoka. Mlango ulikuwa wazi, na Macho Manne na mkewe walikuwa sebuleni wanangojea. Mama akasimama nje kizingitini, akapiga hodi. Akapiga tena. Macho Manne ilibidi ajikaze ndipo akaweza kusema, "Karibu, mama."

Akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Alipelekwa chumbani. Akapapasa ukuta, akainama akanusa pembeni, akasimama dirishani upepo ukimpiga usoni. "Kimekuwa chumba," akasema. "Mmefanya kazi, wanangu. Mmefanya kazi kweli."

"Basi mama, utarudi lini?" Macho Manne akauliza haraka haraka, kabla ujasiri haujamwisha.

Mama akakohoa kidogo, akangoja kifua kitulie. "Mimi sina neno na wewe hata kidogo. Wewe ni mwanangu. Ila nikifika mlango huu kifua kinaogopa, na mimi siwezi kukilazimisha." Akampapasa shavu. Akakubali maji ya kunywa, akaulizia wateja, akausifia mshono wa mkwe wake. Halafu akasimama, akaweka mkoba begani.

"Haya wanangu, ngoja niwahi nyumbani, dada yenu asije akaanza kunitafuta."

Nyumbani. Alilisema kawaida tu, bila kinyongo, huku akitafuta viatu vyake kwa miguu. Macho Manne akamsindikiza mpaka barabarani, akamshika kiwiko wakati wa kuvuka. Mama alipompa mkono wa kuagana, akajisikia anamwambia mama yake mzazi yale maneno anayoambiwa kila mgeni:

"Haya mama. Wasalimie nyumbani."