Figo ya Kitindamimba

Walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu kuta zake hazikuwahi kupinda. Alikuwa fundi mwashi tangu ndevu hazijamwota, na zege alilolikoroga maishani lingeweza kuziba bonde zima. Uzeeni mambo yakamgeuka. Presho ilianza kama mzaha, miguu ikavimba, na siku alipoanguka bafuni daktari akasema figo zote mbili zimekwisha kazi. Tangu hapo akawa mtu wa mashine. Mara tatu kwa wiki alipelekwa hospitali, akaketishwa kwenye kiti kirefu cha kijani, akachomwa sindano mbili nene mkononi, damu yake ikatoka, ikasafishwa, ikarudi. Akimaliza alikuwa kama nguo iliyokamuliwa.

Lakini kilichomtesa zaidi ni kiu. Figo zikigoma, maji yanayoingia mwilini hayatoki. Hupanda mpaka mapafuni. Kwa hiyo mkewe alimpimia maji ya kutwa kwenye chupa ndogo, naye akayaonja kidogokidogo.

"Mama watoto," alinung'unika siku moja, "nimenywesha saruji mapipa na mapipa. Leo napimiwa maji kama kifaranga."

"Kunywa ushukuru. Wenzako wako udongoni, hata hayo hawayapati."

Neno hilo la kushukuru lilimchosha. Muuguzi mmoja alimshauri kila jioni ataje jambo moja la kushukuru, eti hupunguza uzito moyoni. Alijaribu. Jioni ya kwanza alishukuru kwamba hakutapika. Ya pili alishukuru kwa mto mpya. Ya tatu alitafuta, akatafuta, mpaka mkewe akainuka kwenda kufunga mlango.

Mvua zilipoanza, alikuwa amekata shauri. Alimkuta mkewe jikoni anachambua mchele.

"Mimi mashine siitaki tena."

"Unajua daktari alisema nini juu ya wanaoacha."

"Najua. Nimechoka, mke wangu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Mkewe hakulia. Aliendelea kuchambua, ila sasa alikuwa akitupa punje nzima pamoja na mawe. Kisha akanawa mikono, akampigia simu binti yao kitindamimba, fundi wa kushona mapazia, ambaye tangu utotoni hakujua kuambiwa hapana.

Binti alifika kesho yake, uzi bado umemng'ang'ania kwenye sketi.

"Baba, mimi nina figo mbili. Ya pili ya nini?"

"Figo si kijiko cha kuazimana, mwanangu."

"Basi usiazime. Chukua jumla."

Mzee alicheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, halafu akakataa. Binti akamganda kama kupe. Alimbembeleza, akamnunia, akamwambia kwamba akifa kwa ukaidi hatamzika. Mwishowe Timazi akakubali binti apimwe tu, kupimwa si kukatwa, na yeye aendelee na mashine mpaka majibu yatoke. Ila moyo haukusubiri majibu. Usiku akaota amejiinamia bombani, anakunywa mpaka shati linalowana. Asubuhi mkewe akamkuta uani anaupapasa ufa wa ukuta, anajiuliza ataanzia wapi kuuziba.

Siku ya majibu waliingia wote wawili kwa daktari. Daktari aliigeuza kompyuta wakaona picha, madoa meusi kama povu.

"Binti, figo zako zina vifuko vya maji. Pande zote mbili." Akamgeukia mzee. "Nadhani hata zako zilianza hivihivi. Tulisingizia presho peke yake. Ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya ukoo."

"Kwa hiyo hawezi kunipa," Timazi alisema.

"Hawezi. Zake bado zinafanya kazi. Atumie dawa, apunguze chumvi, tumwangalie. Anaweza kwenda miaka mingi."

"Halafu?"

Daktari alitazama bandeji iliyokuwa kwenye mkono wa mzee, kisha akatazama meza. Binti naye aliufuata mtazamo ule, akaiona bandeji, akajibiwa.

Nje walikaa kwenye benchi la ukumbini. Watu walipita na makabrasha yao, mfagizi akawaomba wainue miguu, wakainua.

"Nimekupa mimi," mzee alisema.

"Na pua hii pia umenipa wewe, sijawahi kulalamika."

Mzee hakuweza kucheka. Binti akamshika mkono mzima, ule usio na bandeji.

"Baba, nisingekuja kwa ajili yako, ningejua siku na mimi nitakapoanguka bafuni. Nimejua mapema. Asante."

"Usinishukuru."

"Nakushukuru."

"Nimesema usinishukuru!"

Watu waligeuka. Binti akakumbatia mkoba wake, na Timazi akaona kidevu kinamcheza, kama alipokuwa mdogo na hataki kulia mbele ya kaka zake. Alitaka kumwomba radhi, lakini radhi ya nini? Hakuiba, hakupiga. Alizaa tu.

Jioni mama alipika chungu kimoja tu cha wote, kisicho na chumvi kama alivyozoea kumpikia mzee. "Angalau mmenipunguzia kazi," alisema, "vyungu viwili vilikuwa vinanivunja mgongo." Wote watatu wakacheka. Kisha mama akatoka uani kuanua nguo, akakawia huko, na waliobaki mezani walijua kwamba kamba haina nguo.

"Kesho ni siku yako ya mashine," binti alisema. "Naweza kuja? Nataka kuona."

Maneno ya kwamba haendi tena yalikuwa tayari mdomoni mwa mzee. Aliyapanga tangu pale kwenye benchi. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa akikoroga chakula bila kula, akaona kwamba akiacha yeye, mtoto huyu siku yake ikifika atakuwa ameshafundishwa jinsi ya kuacha.

"Njoo," alisema. "Beba sweta, kule kuna baridi."

Binti aliketi kando ya kiti cha kijani. Sindano ya kwanza ilipoingia aliuliza, "Inauma?"

"Inauma. Usiitazame, tazama dirisha."

"Na kiu?"

"Haizoeleki, mwanangu. Lakini kipande cha barafu mdomoni hudumu kuliko funda la maji."

Kabla ya kumaliza, msuli ulimkaza mguuni, na kwa kawaida hapo alipiga kelele mpaka chumba kizima kikajua. Siku ile aliuma meno. Binti akamkanda shavu la mguu, taratibu, mpaka msuli ukalegea. Kisha akaenda kutafuta teksi, na mzee akabaki na muuguzi anayemfunga bandeji.

"Mtu wa umri wangu hudumu muda gani kwenye mashine hii?"

"Ni kama mvua, mzee, hujui itakatika lini. Inategemea."

"Nataka muda mrefu," Timazi alisema, na katika sauti yake hamkuwa na chembe ya furaha.