Suruali Yenye Tundu la Mkia

Jumatatu asubuhi mwalimu wa baiolojia aliketi upande upande katika chumba cha walimu, kwa sababu mkia wake ulikuwa umefika shubiri moja na nusu na haukutaka kukaliwa. Mwalimu wa hesabu naye aliketi hivyo hivyo. Wote wawili walikuwapo Jumamosi, mchana kweupe, mtaa ulipomwangukia fundi viatu kwa simu aliyodaiwa kuiba. Fundi alikata roho kabla ya saa kumi. Simu ilikutwa jioni ndani ya ndoo ya nguo chafu za mwenye simu.

Kufikia Jumatano mikia ilikuwa arobaini na kitu. Kifo cha wengi harusi, na mkia wa wengi nao huwa vazi tu. Watu waliizungusha kiunoni wakaendelea na kazi. Kilichokosekana ni maelezo, na maelezo alikuwa nayo mwalimu wa baiolojia.

"Ni mageuko," aliwaambia. "Mababu zetu waliishi kwa makundi. Kundi lililoshambulia kwa pamoja lilipona, lililosita likaangamia. Sisi ni wajukuu wa waliopona. Ukisikia kelele za mwizi, damu inaitika kabla ya kichwa."

"Kumbe si sisi," alisema mwalimu wa hesabu, akashusha pumzi.

Mwalimu hakushusha. Maneno yale yalikuwa na ukweli wake, lakini kila alipoyasema aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Ilibaki shida ya suruali. Zilitaka tundu lenye upindo, na mtaa mzima ulikuwa na fundi cherehani mmoja tu, mjane wa fundi viatu. Wanaume walipanga foleni mlangoni pake, macho chini, naye akawapima mmoja mmoja. Zamu ya mwalimu ilifika Alhamisi.

"Na wewe, shemeji?"

"Na mimi, shemeji."

"Haya, geuka."

Alimpima kiuno, nyonga, urefu, mkia. Kwa kukosa pa kuuficha uso, mwalimu akaanza habari za mababu. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, penseli sikioni.

"Na muuza mkaa ni mjukuu wa nani?"

Muuza mkaa ndiye aliyemlalia fundi ili kumkinga, akavunjwa mkono. Yeye hakuota mkia.

"Wa haohao," mwalimu alijibu.

"Ulimpiga na nini?"

"Teke. Moja tu."

"Kwa kiatu hiki?"

"Hiki hiki."

Mjane aliinama, akakigeuza mguu wake kama mtu anayekagua mshono.

"Soli hii kaiweka yeye."

"Ndiyo. Mwezi uliopita."

"Imeachia?"

"Haijaachia," alisema mwalimu, na hapo akatamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka.

Mjane aliandika "teke, moja" chini ya kipimo cha mkia, kama alivyowaandikia wote, akamwambia aje kesho. Ijumaa asubuhi alilipeleka daftari lake kituo cha polisi. Askari wa zamu alilipokea akiwa ameketi upande upande, akalifungua, akalifunga, akamrudishia.

Suruali ilimkaa mwalimu vizuri kuliko zote alizowahi kushonewa. Upindo wa tundu ulikuwa laini, haumchubui. Jumatatu aliivaa, pamoja na viatu vilevile kwa kuwa hakuwa na vingine, akaenda kufundisha.