Wa Kumdhamini Paulino

…na karani anarudia swali la hakimu, "Iko mutu hapa ya kumudhamini Paulino?", na hakuna anayeinuka, feni tu inalalama juu, na Scovia ameshika kalamu, kazi yake ni kuandika basi, ndivyo alivyoambiwa na profesa wake Kampala, mtafiti ni macho na masikio, mdomo auache nyumbani, utafiti huu ndio utakaowaonyesha wakubwa jinsi watu wanavyoozea mahabusu kwa kukosa wadhamini, siku moja, ikimpendeza Mungu na wakubwa wenyewe… Paulino anageuza shingo kuutazama mlango, anamtafuta kaka yake wa Koboko, yule asiyepatikana kwenye simu, bado anamtafuta, masikini, Scovia alipomhoji gerezani wiki iliyopita alimwambia, "Dada, toka nishikwe, wewe peke yako ndiyo mutu alikuja kuniona," naye dada akamshukuru kwa mahojiano mazuri, mazuri!, akaenda zake Awindiri, hapa hapa Arua, chumbani kwake, akala mihogo baridi amesimama, maana kwa mtu mmoja meza ya nini, na tangu mama azikwe Manibe nani aliwahi kubisha hodi pale, hata mwenye nyumba hutuma ujumbe tu… angeshikwa yeye leo, karani angeita jina lake na feni ingeitika… "Hakuna mutu?" karani anauliza tena, pikipiki anayodaiwa kuiba ilishapatikana, hakimu yuko tayari kumwachia kwa dhamana, anataka mtu mmoja tu, mkazi wa Arua mwenye kitambulisho, na kitambulisho kimo mkobani mwa Scovia, lakini akisimama profesa atamwondoa kwenye utafiti, jasho lote lile kwisha, na kwa nini moyo unamdunda hivi, anaogopa kusimama… hapana, Scovia, sema kweli, unachoogopa ni ule mlango kufunguka, kaka mtu kuingia, hiyo ndiyo dua yako tangu asubuhi, asije mtu, asije, kwa sababu Paulino akirudishwa ndani sura ya tatu ya utafiti wako itanoga… ee Mungu wangu, alikuwa akimwombea mtu jela, yeye, aliyekuja kuwatetea, na aibu inampanda mpaka masikioni, na hakimu bado anangoja, Paulino bado anautazama mlango, na Scovia sasa anautazama pamoja naye, anaomba ufunguke, jamani ufunguke, na anajua kwamba usipofunguka atasimama yeye.