Mama Victorine Kwenye Mduara wa Mawe

Aprili, nyasi za mlima wa Observatory zimeshakauka. Mussa anawasimulia wenzake wa matembezi historia ya jumba la zamani la kutazama nyota, Gradi, aliyekuja na mama yake, anapiga picha. Gradi kugeuka hivi, mama hayupo! Na mama katoka Lubumbashi juzi tu, simu hana, Kiingereza hajui.

Wote wakarudi njiani wakimwita. Nyuma ya mwamba wakakuta waumini wa kanzu nyeupe wanasali ndani ya mduara wa mawe. Katikati yao, pekupeku, Mama Victorine!

"Eish, mama! Tumekutafuta!"

"Nyamaza, mwanangu. Niliingia kusema amina moja tu. Sasa nitatokaje mbele ya Mungu sala haijaisha?"

Gradi akashusha pumzi. Akavua viatu, akaingia. Mussa akabaki nje kuvilinda.